Sharti la Vikande Wawili

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipolala na mguu wako juu ya mito. Natumaini maumivu yamepungua, na kwamba wale wauguzi uliosema wana mikono ya chuma wamekuzoea, au wewe umewazoea wao. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ukiondoa kidole, mgongo, na huu uchovu ambao siku hizi nauona kama mpangaji sugu, haondoki wala haombi radhi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Utasema dada kazeeka, karudi enzi za stempu. Lakini kwenye simu wewe hunichekesha, nami nikishacheka, nililotaka kusema linarudi tumboni. Tena mimi na wewe tuliandikiana barua miaka mingi kabla hatujapata nafasi ya kukaa tukazungumza. Basi nivumilie. Ongeza mto nyuma ya kichwa, usome polepole, na usirukie mwisho kama tabia yako ilivyo.

Ujumbe wako ulinikuta karakana, nimeshika meno ya bandia ya mzee mmoja, yale ya juu, nayasawazisha. Ulisema umeteleza kwenye ngazi ndani ya shimo la lifti, mguu umevunjika mahali pawili, na kampuni itakurudisha nyumbani ukishaweza kukaa kwenye kiti cha ndege. Ukasema vikande wako, wale samaki wawili wa kwenye tangi, wamekuwa wakubwa mno, wanamaliza matumbawe, kwa hiyo niwatafutie mahali pengine kabla hujafika, ila kwa sharti moja tu: wasitenganishwe. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayesema jambo huku anafunga kamba za viatu, ukasema utafikia kwangu kama nafasi ipo. Kama haipo nisijisumbue, utakwenda kwa rafiki yako mwenye duka la betri. Mimi nikakujibu la mguu na la samaki. La nafasi sikulijibu. Uliona, na hukuuliza.

Ngoja nianze na samaki.

Uliponiachia lile tangi ulisema miezi sita. Huu ni mwaka wa nne. Futi sita za kioo kwenye sebule ambayo mgeni akiwa mnene lazima aiombe meza impishe. Maji lita karibu mia saba, chumvi yake ya kupima, taa zake, pampu zake zinazonguruma kutwa kucha, na ndoo za kubadilishia maji kila Jumamosi, ambazo nazipandisha ghorofa ya tatu kwa ngazi kwa sababu lifti ya jengo letu, ewe fundi lifti, ilikufa mwezi ule ule ulioondoka. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila ukipiga simu unauliza maji yako vipi, chumvi iko vipi, matumbawe yako vipi. Mgongo wangu hujauliza hata siku moja.

Na hao vikande wenyewe! Uliwaleta wakiwa wanatosha kwenye kiganja, wazuri, wana aibu. Leo Bosi amepita futi moja, na Karani amebakiza kidogo tu kumfikia. Majina uliwapa wewe na yamewakaa sawasawa: Bosi anaharibu, Karani yuko nyuma anaokota kilichoanguka. Walianza na kamba, wakawamaliza. Wakaja kaa, wakaja konokono, wakaja kwa yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa uliyekuwa unampigia mluzi. Walipokosa cha kutafuna wakageukia ujenzi. Wanabeba mawe kwa mdomo, wanapindua matumbawe, wanachimba mchanga mpaka unaona sakafu ya kioo. Nikifungua kifuniko kuwalisha, Bosi ananitemea maji usoni. Nikichelewa kurudi kutoka kazini, anagonga kioo. Wanasema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawa wawili walikauka zamani. Mchana kutwa natengeneza meno ya watu, narudi nyumbani nakutana na meno mengine, tena haya yana wenyewe.

Kidole ni kazi ya Karani. Nilikuwa nainua tumbawe alilolipindua, naye akaona naingilia mipango yake. Akaondoka na kipande cha ncha, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kile kile kinachoshika meno ninapoyasugua. Nilishonwa nyuzi tatu. Kwa muda wa wiki mbili nilishikia kwa kidole cha kati, na bibi mmoja akapata meno yanayocheka upande mmoja. Alikuja kuyarudisha kwa hasira, lakini akiwa na hasira ndiyo yanazidi kucheka, ikabidi nijifanye natafuta miwani chini ya meza.

Basi, ulipotuma neno kwamba niwatafutie mahali, sikujivunga. Nilikwenda kwa mwenye duka la samaki, akanicheka kabla sijamaliza sentensi. Nikamwendea mama mmoja mwenye bwawa, kumbe bwawa lake ni la maji baridi. Nikabandika tangazo kwenye ukuta wa karakana. Kila aliyeuliza alitaka mmoja. Kikande mmoja ni pambo, dada, waliniambia, lakini wawili ni vita.

Ndipo akatokea daktari wa meno, yule ninayemtengenezea kazi zake nyingi, mwenye tangi kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa. Alikuja nyumbani kuwatazama. Bosi akamtemea maji kwenye miwani, na daktari akampenda hapo hapo. Alisema anamchukua, ila peke yake. Tangi lake halitoshi wawili.

Sasa nakuomba usikasirike mpaka ufike mwisho. Nilimpa.

Nilijiambia samaki ni samaki. Nilijiambia sharti ni lako, lakini ndoo ni zangu. Nilipanga kukwambia wamekwenda wote wawili kwa mtu mwema mwenye nafasi kubwa. Uongo nilishautunga mzima, mpaka rangi ya geti la huyo mtu mwema. Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu, na mtu aliyechoka hana aibu.

Kumtoa hakukuwa mchezo. Tulipunguza maji mpaka nusu, tukatoa mawe moja baada ya jingine, na Bosi akaingia kwenye lile jiwe la mwisho lenye tundu, akasimamisha ule mwiba wake wa mgongoni, akajikaza humo kama kabari. Daktari alikunja mikono ya shati, akavuta kama anang'oa gego. Wapi! Akavuta tena, nikaona tutamchana samaki. Hapo nikakumbuka ulichonionyesha siku ya kwanza ulipowaleta. Ulisema mwiba ule mkubwa hata ukiuvuta kwa koleo haulali, utavunjika kwanza. Lakini nyuma yake kuna kamwiba kadogo, na ukikabonyeza hako, ule mkubwa unalala wenyewe. Nikamwambia daktari aache. Nikaingiza mkono wangu wenye bandeji, nikapapasa, nikabonyeza. Mwiba ukalala. Bosi akatoka mkononi mwangu bila ubishi wowote, akanguruma mara moja tu. Nilimtia kwenye pipa lenye kifuniko, daktari akaondoka naye akiwa na furaha ya bwana harusi.

Mambo ya baadaye ndiyo yaliyonifikisha kwenye kalamu hii.

Karani aliacha kula. Siku ya kwanza nikasema ni mshtuko wa maji kupungua. Siku ya tatu nikapima chumvi, nikapima joto, vyote sawa. Nilimnunulia kamba wabichi, wakubwa, mimi mwenyewe nakula dagaa. Aliwatazama wakizama. Hakupindua jiwe tena, hakuchimba. Alilala kwenye tundu lake mwenyewe, na lile tundu la Bosi akalijaza vijiwe, kimoja kimoja, mpaka likaziba. Kisha akawa anakuja kusimama kwenye kona ya kioo iliyo karibu na mlango, mahali pipa lilipopitia. Utasema nazidisha chumvi. Mimi si mtu wa kuwavalisha samaki nguo, unanijua, na huenda ni mwanga tu wa pale kwenye kona. Lakini siku tisa mdogo wangu! Nikawa naingia ndani naangalia chini, kama mwenye deni mbele ya duka.

Siku ya tisa akaja Fundi Vioo, yule aliyelitengeneza tangi lako. Nilimwita mimi, aje aangalie litavunjwaje na kutolewa. Kwa nini nilitaka litoke nitakwambia mbele, maana siku ile hata mwenyewe nilikuwa nazungukazunguka jibu. Alipima, akaandika kwenye mkono wake kwa kalamu, akainama kumtazama Karani, akauliza mwenzake yuko wapi. Nikamwambia. Akakunja futi yake. Halafu akaniambia kwamba nyumbani kwake ana tangi alilojijengea mwenyewe, mita tatu, la samaki wakubwa peke yao, na angewachukua wote wawili hata jana. Nikashika hapo hapo. Nikamwomba basi amchukue Karani. Akakataa katakata. Alisema yeye ameoa na kuachana mara mbili, na anaijua sauti ya nyumba yenye sahani moja. Hataki kuisikia na kwenye tangi. Wawili, ndiyo. Mmoja, hapana.

Basi ikabidi niende kumwomba mtu zawadi niliyompa mwenyewe. Omba Mungu yasikukute. Daktari alidhani natania. Alipoona sitanii, akanuna. Aliniambia tangu Bosi aingie, watoto wanaotolewa meno wameacha kulia, wanagombea kiti cha karibu na tangi. Alisema wazi kwamba fundi anayebadilika namna hii leo kwa samaki, kesho atabadilika kwa kazi. Hilo lilinichoma, maana nusu ya kazi zangu zinatoka kwake. Nilisimama mbele ya wagonjwa wake watano, na mkoba wangu kifuani, nambembeleza kwa ajili ya samaki anayetema maji. Mwisho akasema kama ni hivyo nimpe kitu cha kuweka mahali pake, tangi lisikae tupu.

Nimempa matumbawe yako. Yote yaliyobaki, hata lile la zambarau ulilolikuza tangu likiwa sawa na kifungo cha shati. Nisamehe kwa hilo. Ila vipande viwili vidogo nimevihifadhi kwenye tangi dogo juu ya kabati, na vinaendelea vizuri, vimechanua.

Tuliwapeleka kwa gari la Fundi Vioo, mapipa mawili katikati ya vioo vya madirisha, pampu ya betri inahema. Nyumba yake ni ukumbi mmoja mkubwa, karakana upande huu, maisha upande ule, na tangi katikati kama ukuta. Nilisikia raha nilipoliona. Nikajisemea yamekwisha, damu nzito kuliko maji, sasa wataonana na mimi nitalala. Tukawatia.

Loo! Hata glasi ya maji niliyopewa sikuimaliza. Bosi alimwendea Karani moja kwa moja, akamchana mkia. Akamgeukia tena. Karani hakukimbia wala hakurudisha. Alijibanza kwenye kona na mkia wake unaning'inia vipande. Nilipiga kelele kama nimeng'atwa mimi. Fundi Vioo akapiga mbizi ya mkono na kipande cha mbao, akawaamua. Wiki mbili tu zilimtosha Bosi kumsahau, au kumkumbuka vibaya, sijui lipi kati ya hayo. Nilikaa chini kwenye sakafu ile yenye vumbi la vioo, nikasema nimewaua kwa mkono wangu.

Fundi hakunipa pole hata moja. Alichukua kioo, akakikata, akakitoboa matundu ya kupitisha maji, akakitumbukiza katikati ya tangi. Bosi huku, Karani kule. Akasema sasa waache watazamane. Nikamwuliza kwa muda gani. Akasema mpaka watakapochoka kukasirika, na kwamba kuwaharakisha ndiko kunakoua.

Nilikuwa nakwenda kila Jumapili. Safari ya saa moja na nusu, mabasi mawili, mtu mzima na akili zangu. Jumapili ya kwanza Bosi alikuwa anakigonga kioo kwa kichwa, mpaka pua imechubuka. Jumapili ya pili alikuwa ameacha. Fundi akanionyesha kwamba kila mmoja amejichagulia jiwe lililogusa kioo, yule upande wake na huyu upande wake, na kwamba Karani ameanza kula, kidogo, akimaliza Bosi. Nilikaa kwenye kiti cha fundi mpaka jua likaondoka dirishani. Yeye anakata vioo, mimi natazama. Hakuniuliza kwa nini naja. Nadhani aliona kwamba kuna jambo.

Jumapili iliyopita alikitoa. Alikivuta juu taratibu, maji yanachuruzika kwenye viwiko vyake, nami nimeshika kiti kwa mikono miwili. Bosi alikuja kasi. Akamzunguka Karani mara moja, akanguruma, akasimama pembeni yake kwa muda niliouona mrefu mno. Kisha akageuka akarudi kwake, akaanza kupindua mawe ya watu. Karani alikaa. Halafu, pole pole, na ule mkia wake wa viraka, akamfuata nyuma, anaokota kilichoanguka.

Nililia, mdogo wangu. Nililia mpaka Fundi Vioo akaacha kazi, akaniletea taulo lake la kufutia vioo. Alifikiri nalilia samaki.

Sasa fika hapa usome polepole zaidi.

Unakumbuka mama alipofariki, wewe una miaka sita na mimi kumi na mmoja. Unajua ulivyoambiwa: mama mkubwa alikuwa na chumba kimoja cha watoto na kitanda kimoja tu, kwa hiyo akanichukua mimi, msichana, na wewe ukaenda kwa mjomba. Unajua kuliko mimi yaliyokuwa kwa mjomba. Ulilala stoo na magunia, uliamshwa kwa teke, na ile alama ya nyusini hukuipata kwa kuanguka kama unavyowaambia watu. Miaka mitano. Ulipojifunza kuandika ukaanza kuniandikia, kwa penseli, mistari inapanda mlima. Zote ninazo, kumi na tisa. Zote zinaisha kwa swali moja: mama mkubwa amepata kitanda? Na mimi kila mara nilikujibu neno moja. Bado.

Kitanda kilikuwepo.

Kilikuwepo tangu siku ya kwanza, chumbani kwangu, upande wa dirisha, na godoro lake. Tulikuwa tunawekea nguo zilizopigwa pasi. Mama mkubwa aliniita jikoni siku ile ya tatu baada ya mazishi, akaniuliza mimi, huku anasuuza masufuria, kama amchukue na mdogo wangu. Aliniuliza kwa upole kabisa. Alisema nafasi ipo, yeye yuko tayari, anataka tu kujua mimi naonaje. Nami nikasema hapana. Nikasema aende kwa mjomba.

Hukunikosea kitu. Ulikuwa mtoto. Lakini mwaka mzima wa ugonjwa wa mama mimi ndiye niliyekuogesha, niliyekufulia godoro ulilolikojolea, niliyekubeba ukilia, na ulikuwa umeshika pindo la gauni langu hata nikienda chooni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimechoka kama bibi. Nilitaka kulala usiku mmoja bila mtu kunishika nguo. Nilidhani ni kwa wiki chache. Ilipokuwa miaka, sikujua tena nitaanzia wapi. Mama mkubwa, Mungu amrehemu, akaona haya yangu, akaifunika kwa ile hadithi ya kitanda, akawaambia watu wote, akaenda nayo kaburini. Hakunisema hata siku moja. Afadhali angenisema.

Kwa hiyo ulipoandika wasitenganishwe, mimi nilijua neno hilo linatoka wapi, na bado nikawatenganisha. Na ulipouliza kama nafasi ipo, niliishika simu pale karakana, mikono imejaa vumbi la meno, nikaandika jibu. Unajua niliandika nini? Bado. Neno lile lile, mdogo wangu, kwa sababu ile ile. Nilifikiria magongo yako, ndoo, ngazi, chakula cha kukuletea kitandani, na wewe kuniita dada, dada, dada kutoka chumba kingine. Nikalifuta. Sikulifuta kwa wema. Nililifuta kwa sababu niliogopa jinsi lilivyokuja haraka.

Sikufichi, bado nimechoka. Utakuja na mguu wako na mizaha yako, nitakukasirikia, nitakusema, na siku nyingine nitajifungia bafuni nimefungua bomba ili usinisikie. Lakini nataka uje. Hili ndilo nililokuwa nazunguka tangu mstari wa kwanza. Nataka uje, tena ukiwa umeshajua. Ukiona baada ya kusoma haya huwezi kulala chini ya paa langu, nenda kwa rafiki yako wa betri. Sitakulaumu wala sitauliza, na chakula nitakuletea huko huko, ngazi nimeshazizoea. Nitakuwa uwanja wa ndege kwa vyovyote. Ukipita bila kunisalimia, nitabeba begi lako mpaka kwenye teksi, basi.

Fundi Vioo anakusalimu sana. Anasema ukiweza kusimama kwa magongo, uje uwaone vikande wako. Kiti kipo, tena ni kile kile nilichokizoea mimi. Daktari wa meno hajanisamehe kabisa, lakini juzi ameniletea kazi ya meno manne, kwa hiyo naona hasira zake zinakaribia mwisho. Wasalimie wauguzi wenye mikono ya chuma, uwaambie wasikuregezee. Usikanyage mguu kabla ya wakati. Kula, hata chakula cha hospitali.

Tangi limeondoka. Futi sita zile zilizokuwa kioo sasa ziko wazi, na ukuta una alama nyeupe ya maji ya chumvi ambayo haitoki hata kwa brashi. Juzi nimepata kitanda, tumekipandisha kwa ngazi mimi na mlinzi, tukakisukuma hapo. Kimeingia sawasawa kama kilipimwa. Nimekitandika. Sijaweka nguo juu yake.

Nakujibu ile barua yako ya kwanza, ile ya penseli, na unisamehe nimechelewa miaka thelathini: kitanda kipo.

Ni mimi,
dada yako.